Kisu kikinyoa mkono, bado hakijafika shavuni

Kijana mmoja mpasua sangara pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alinivutia mkono wake wa kushoto niuone. Kuanzia kwenye saa hadi karibu na kiwiko, malaika yote yalikuwa yamekwisha.

"Fundi, hiki kinanyoa. Leo ndevu sipeleki saluni."

"Kinanyoa mkono," nikamwambia. "Shavu ni kesi nyingine."

Mimi ni mnoa visu. Nina baiskeli ya kunolea, sanduku la mawe, na wateja wa kila namna: watu wa samaki, mama lishe, wa bucha, mafundi nguo na mikasi yao. Hili la kunyolea kisu cha kukunja naulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wanaookota visu vizuri kwenye mitumba ya Mlango Mmoja. Inawezekana. Nimejinyoa nacho mwenyewe, zaidi ya mara moja. Ila mara ya kwanza nilivuka kwenda Kamanga na vipande vitatu vya karatasi ya chooni vimeganda kidevuni, na mama mmoja kwenye kivuko akaniuliza kama nyumbani tunafuga paka.

Kisu changu siku ile kilikuwa kikali. Shida ilikuwa pembe, na ule uzi wa chuma unaobaki ukingoni baada ya kunoa.

Tuanze na pembe. Kisu cha kawaida hunolewa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, kwa hiyo makali yote ni kabari ya nyuzi 40. Wembe wa kinyozi wa zamani, ule wa kukunja wenye mgongo mnene, kabari yake ni nyuzi 16 au 17. Unaponyoa, unauinua mgongo nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi. Wembe hapo unaingia chini ya unywele kama panga linavyoingia kwenye nyasi. Kisu cha nyuzi 40 ukikilaza hivyo hivyo, ubavu wa chini karibu unagusa ngozi na ubavu wa juu umesimama kama ukuta. Unywele unasukumwa, unalala, unavutwa, na mwisho unakatika kwa kuchoka. Hayo ndiyo maumivu ambayo watu huyaita "kisu butu" wakati kisu si butu hata kidogo.

Kwa hiyo kisu cha kunyolea lazima kikondeshwe kwanza, angalau kifike nyuzi 12 kila upande. Hapo chuma chenyewe kinaanza kusema. Visu vingi vya mfukoni ni vya chuma kisichoshika kutu chenye ugumu wa 56 hivi kwa kipimo cha Rockwell, wakati nyembe nzuri hufika 60 na kupita. Chuma laini ukikikondesha sana, makali yanajikunja. Na usidhani ndevu ni kitu laini tu kwa chuma. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani waliangalia nyembe kwa darubini wakati zinakata unywele, wakaona makali yakimeguka, ingawa unywele ni laini kuliko chuma hicho kama mara 50. Unywele uliopinda, ukigusa mahali chuma kisipofanana na jirani yake, unabandua kipande.

Sasa uzi. Ukinoa upande mmoja, chuma kinasukumwa kinatokeza upande wa pili, kinabaki ukingoni kama uzi mwembamba usioonekana vizuri kwa macho. Utaujua kwa kidole gumba: kipitishe kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa urefu wa makali, na utahisi kinakwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Huo uzi ni mkali ajabu. Unanyoa mkono, unakata karatasi, unamdanganya kila mtu. Shavuni unapinda kwa mpigo wa tatu na kuanza kulima ngozi. Ndio ulionitoa damu mimi, na nina uhakika ndio uliokuwa kwenye kisu cha yule kijana, maana alikitoa kwenye jiwe la duara akaja nacho moja kwa moja.

Kuuondoa kunataka subira kuliko nguvu. Mawe yetu haya tunayojivunia Mwanza yana punje kubwa, yaachie panga na jembe. Mimi naanza na kinoo namba 1000, nakwenda 4000, halafu 8000 (namba ikipanda, punje ni ndogo zaidi), na kila hatua naupunguza mkono mpaka mwisho kisu kinabebwa na uzito wake tu. Asiye na mawe hayo atumie msasa wa maji namba 2000 wa wapaka rangi magari, aulaze juu ya kioo. Kisha mkanda wa ngozi uliogundishwa kwenye ubao na kupakwa ile dawa ya kijani ya kung'arishia chuma: mapigo 30 kila upande, mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali utakuwa unachana mkanda.

Kujaribu, nauinua mkono ule ule, lakini silazi kisu kwenye ngozi. Nakipitisha juu milimita chache, katikati ya malaika. Yakianguka yenyewe bila kuinama, kisu kimefika. Kikihitaji kukwangua ngozi ndipo kinyoe, narudi kwenye mkanda.

Uso wenyewe haunichukui muda. Kitambaa cha maji ya moto dakika 3, kwa sababu unywele uliolowa hukatika kwa nguvu ndogo sana kuliko mkavu. Povu zito. Mpigo mfupi kufuata ndevu zilivyolala, mara moja tu. Wenzangu wenye ndevu za kujikunja tuna mtihani wa ziada: ukivuta sana ngozi unakata unywele chini ya uso wa ngozi, unarudi ukiwa umepinda ndani, na vipele vinakuja. Usipovuta kabisa, kisu kinakwama kwenye mkunjo. Navuta kidogo tu, na shingo siigusi. Shingo naiachia kinyozi wangu na mashine yake.

Kisu cha samaki hakipandi usoni, hata ukikichemsha. Na cha kunyolea ni cha mtu mmoja. Kirusi cha homa ya ini B hukaa hai juu ya vifaa siku 7 au zaidi, na tone lenyewe la damu huwezi kuliona. Kuazimana kisu cha kunyolea sioni cha kujadili hapo.

Yule kijana aliniachia kisu chake, nikakikondesha, akarudi siku ya pili kukichukua. Akajinyoa kwenye kioo cha baiskeli yangu, polepole, akatoka safi ila kijimkwaruzo kimoja chini ya sikio. Akafurahi. Akaenda zake mezani kupasua sangara na kisu kile kile, kitu nilichomwambia asifanye. Saa nne hazijapita alikuwa amesimama mbele ya baiskeli yangu, makali yamepindishwa na mifupa kutoka ncha hadi kwenye mpini.

"Fundi," akasema, "nirudishie yale ya samaki."