Haki kuonekana ikitendeka si kuuridhisha umma

Msemo wa Kiingereza usemao kwamba haitoshi haki kutendeka, bali lazima ionekane ikitendeka, hutajwa mara nyingi na wanaoitaka mahakama itoe adhabu kali ili wananchi waridhike. Hiyo siyo maana yake, na kosa hili linaumiza, kwa sababu linaigeuza kinga ya mshtakiwa kuwa fimbo ya kumchapia.

Chimbuko lake ni kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1923. Mwendesha pikipiki aitwaye McCarthy alishtakiwa kwa kuendesha kwa hatari baada ya ajali. Mahakimu walipojitenga faraghani ili waamue, karani aliingia pamoja nao akiwa na kumbukumbu za ushahidi, endapo wangetaka kumwuliza jambo. Kumbe karani huyo alikuwa wa ofisi ileile ya mawakili iliyomwakilisha mtu aliyekuwa akimdai McCarthy fidia kwa ajali hiyo. Mahakimu walieleza kwa kiapo kwamba hawakumshauri, na ilikubalika kuwa hakuigusia kesi hiyo kwa namna yoyote. Hata hivyo, Jaji Mkuu, Lord Hewart, pamoja na wenzake waliitengua hatia ambayo mahakimu hao walikuwa wamemtia McCarthy.

Hapa ndipo penye uzito: hakuna aliyethibitisha upendeleo, wala hakuna aliyepima ghadhabu ya watu. Kilichotazamwa ni nafasi ya karani, yaani kama kuwapo kwake chumbani kungeweza kuzua shaka yenye msingi kwamba maamuzi yaliingiliwa. Kwa kipimo hicho, hakimu anayemhukumu mtu kwa kuogopa kelele za umma ndiye anayeuvunja msemo huo.