Hereni za shanga: kabla hujapanga bei, hesabu na mikono yako

Swali ninaloulizwaga kuliko yote na wadada wanaoanza kutengeneza mapambo ya shanga ni "niuze shingapi?", na wengi wanakuja tayari wana jibu lao kichwani, wameona jirani anauza elfu tano basi wao wanaandika elfu nne ili wateja wahamie kwao. Asikwambie mtu, hapo ndo biashara nyingi za mikono zinapofia. Hujauza hereni, umeuza shanga za Kariakoo kwa faida kidogo na usiku wako mzima umetoa bure.

Tuchukue hereni moja ya kawaida, ile ya pembetatu yenye vishada vinavyoning'inia chini. Unaanza na mstari wa msingi wa shanga ndefu, afu kila mstari unaofuata unapitisha sindano chini ya uzi wa mstari uliopita na unapunguza shanga moja, mpaka unafika juu ibaki mbili unapofunga kitanzi cha kushikia ndoano. Vishada unavirudia tena chini kimoja kimoja. Kwa mkono uliozoea, pea ni kama saa moja na nusu, na hapo sijahesabu kuchagua shanga, maana kwenye pakiti za bei rahisi nyingine ni nene nyingine zimebonyea, ukizichanganya tu hivyo hivyo mstari unapinda na pembetatu inakuwa kama imelewa.

Sasa piga hesabu. Tuseme shanga 700, ndoano 300, uzi 100, kikadi na kifuko 400. Hiyo ni 1,500. Saa yako wewe mwenyewe panga thamani, tuseme 3,000, kwa saa moja na nusu ni 4,500. Nauli ya kufuata mzigo, bando, shanga zilizomwagika, weka 500. Tumefika 6,500 na bado hujapata faida hata mia, maana ile 4,500 ni mshahara wa fundi, na fundi ni wewe leo ila kesho oda zikizidi atakuwa mtu mwingine na atataka kulipwa. Weka faida 2,500, hiyo 9,000 ndo bei yako ya jumla. Rejareja nenda 14,000 au 15,000. Usiogope tofauti hiyo, kwa sababu duka la zawadi au la hoteli nalo likinunua kwa 9,000 litapandisha, na mteja akikuta wewe mwenyewe unauza 9,000 kwa Insta, yule mwenye duka hatachukua tena mzigo wako. Mali kauli, yaani duka linachukua mzigo na kukulipa ukishauzwa, mimi huwa nashauri watu waikubali kwa pea chache tu, iandikwe, na mwisho wa mwezi mkahesabu pamoja.

Lakini ukitaka mtu alipe 15,000 bila kunung'unika basi kazi istahili, na hapa ndo kwenye moyo wangu haswa. Ukienda kununua shanga za vioo utakutana na namba, na inavyopanda shanga inapungua: namba 11 ni kama milimita 2, namba 8 kama milimita 3, namba 6 kama 4. Zile za Jamhuri ya Czech ni ghali kuliko za China ila zinalingana zaidi na rangi nyingi zinadumu, na ndo zinazopendwa sana na akina mama wa Kimasai kwa kazi zao, huwezi kuwadanganya na shanga nyingine wanaijua kwa kuishika tu. Kabla ya kununua mzigo mkubwa nunua pakiti moja ndogo uifanyie majaribio, chache loweka kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, chache kwenye jiki, acha zilale humo. Pinki na zambarau ndo zinazosumbua sana, unakuta asubuhi zimekuwa nyeupe. Hizo ukimfungia mteja, jasho na pafyumu zitafanya kazi hiyo hiyo taratibu shingoni kwake.

Uzi nao. Mshipi wa kuvulia samaki ni rahisi kupatikana lakini ukikaa unavutika na kukakamaa, afu unakatika siku mtu yuko harusini. Nunua uzi wa nailoni uliosokotwa, ncha unaichoma kidogo na kiberiti. Na zile shanga ndefu zina makali kwenye mdomo, zinakula uzi, kwa hiyo kila mwisho weka kishanga kidogo cha kuulinda.

Halafu ndoano. Jamani ndoano! Mtu kafuma kitu kizuri kabisa afu anaweka ndoano ya bei ya chini kuliko zote, sikio la mteja linawasha, linatoa maji, na hatorudi. Mara nyingi tatizo ni nikeli. Umoja wa Ulaya walipitisha sheria ya kuibana nikeli kwenye mapambo tangu 1994, ndo maana mtalii wa Kijerumani anakuuliza hilo kabla hata ya bei, na sisi huku masikio yetu ni yale yale. Tafuta chuma cha pua kile cha daraja la upasuaji, au ukitengeneza ndoano mwenyewe kwa waya wa shaba ya njano wa milimita 0.8, piga nyundo kidogo kwenye mkunjo ikaze na usugue ncha kwa msasa laini mpaka isikwaruze kidole. Shaba inaweza kuacha ukijani kwenye ngozi ikikutana na jasho, hiyo mwambie mteja mapema, na mwambie inasafishwa kwa ndimu na chumvi.

Watalii ni wazuri ila wana msimu wao, Juni mpaka Oktoba na tena Desemba. Kinachonilisha mwaka mzima ni kitchen party na send-off, kamati inataka pea 30 za rangi ya sare. Hapo nusu ya hela inaingia kwanza ndo naenda dukani, na nanunua shanga zote za oda kwa mkupuo mmoja, kwa sababu bluu ya mzigo wa wiki hii na bluu ya mzigo ujao ukiziweka pamoja juani unaona kabisa hazifanani, na mama wa bibi harusi naye ataona.