Siasa na Sayansi: Dhana Potofu Tunazozisikia Kutoka Nakuru Hadi Kisumu

Ukikaa stejini Kisumu au Nakuru wakati wa taarifa ya habari, hutakosa kumsikia mtu akisema wanasiasa waondoke kwenye mambo ya sayansi na wawaachie wenye taaluma yao. Uchungu ulio ndani ya kauli hiyo naufahamu vizuri. Hata hivyo, siasa ndiyo inayoamua ni swali lipi lichunguzwe, nani alipe gharama, na jibu likipatikana lifanyiwe nini. Kisichokuwa mikononi mwake ni jibu lenyewe, na madhara huanza pale inapotaka kulishika.

Dhana: Siasa ikigusa sayansi, sayansi huharibika

Mwaka 2002, watafiti wa Kenya, Marekani na Kanada walianza kuwaandikisha vijana mjini Kisumu ili kuona kama tohara hupunguza maambukizi ya Ukimwi. Walipata vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wote wakiwa hawajatahiriwa na hawana virusi vya Ukimwi. Kwa kura, nusu wakatahiriwa papo hapo na nusu wakaambiwa wasubiri. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Katika kundi la waliotahiriwa, 22 walikuwa wameambukizwa. Katika kundi la waliosubiri, 47. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba kuendelea kuwasubirisha wengine kungekuwa dhuluma. Majaribio ya Rakai, Uganda, na Orange Farm, Afrika Kusini, yalionyesha mwelekeo huo huo, na Machi 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara kama njia mojawapo ya kinga.

Sasa fikiria habari hiyo inapelekwa kwa nani. Kwa Wajaluo, wenyeji wa Kisumu na sehemu kubwa ya Nyanza, mila ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Tohara haikuwa yao. Kwa miaka mingi majukwaa ya siasa yalikuwa yamewatukana kwa sababu hiyo, eti mwanamume asiyetahiriwa hafai kuongoza nchi. Kisha, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wanaume walishikwa na kukatwa kwa nguvu. Naivasha, iliyo katika Kaunti ya Nakuru ya leo, ni mojawapo ya mahali ambapo ukatili huo ulifanyika, na tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliuandika. Miezi michache tu baadaye, wahudumu wa afya walitakiwa waende Nyanza kuhubiri tohara. Baadhi ya wazee waliikataa, wakiona ni mila ya wengine inaletwa kwa koti jeupe la daktari. Mimi siwezi kuwalaumu hata kidogo.

Kilichofungua mlango ni mazungumzo, na mazungumzo hayo yalikuwa ya kisiasa tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee walisikilizwa. Mwaka 2008 Raila Odinga, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, pamoja na wabunge wa eneo hilo, walisimama hadharani wakasema hili ni suala la afya, halimgeuzi mtu kabila. Novemba mwaka huo mpango ulianza Nyanza kwa hiari, na katika miaka iliyofuata laki kadhaa za wanaume walijitokeza.

Hakuna mwanasiasa aliyeigusa ile 22 wala ile 47. Kazi yao ilikuwa kuwafanya watu wawe tayari kuzisikia namba hizo bila kuhisi wanatukanwa. Na kwa kuwa wengine bado wanalielewa vibaya: tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Haiimalizi. Kondomu bado inahitajika.

Dhana: Rais akitangaza dawa, basi imethibitishwa

Julai 1990, Rais Moi alitangaza Kemron, dawa iliyotokana na utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kuwa tiba ya Ukimwi. Ilikuwa interferoni, protini ya kinga ya mwili, ya kiwango kidogo, inayowekwa mdomoni iyeyuke. Wagonjwa walipata tumaini kubwa, na taifa likajivuna kwamba Afrika imewatangulia wakubwa. Majaribio yaliyofuata katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, hayakuona faida yoyote.

Fahari ile ilikuwa na haki yake, maana nchi iliyodharauliwa ina sababu ya kushangilia mtoto wake. Kosa lilikuwa kutangaza kabla ya kupima kwa kundi kubwa lenye kundi la kulinganishia. Familia za Nyanza, eneo lililoumizwa na Ukimwi kuliko mengine nchini, zilikuwa na haki ya kuambiwa ukweli mapema zaidi.

Wasioamini wanasayansi wa kwetu nao wanakosea. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio Siaya na Kombewa, KEMRI ikihusika, kwa miaka mingi kabla ya kiongozi yeyote kuipigia makofi. Uzinduzi wa Homa Bay ulifanyika Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi Oktoba 2021.

Dhana: Ziwa likipanda au likishuka, kuna mtu amefanya

Wengine husema kinyume chake, kwamba ni kudra ya Mungu tu. Ziwa Victoria limewakosoa wote wawili.

Kati ya 2003 na 2006 maji yalirudi nyuma hata boti zikakaa mbali na gati. Ukame ulikuwepo, ndiyo. Lakini Jinja, mahali Mto Nile unapotoka ziwani, kuna bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, na kiasi cha maji kinachoruhusiwa kupita kiliwekwa kwa makubaliano ya Uingereza na Misri ili mto utiririke kama ulivyokuwa kabla ya bwawa. Miaka hiyo Uganda ilihitaji umeme, na maji yaliyoachiliwa yakazidi makubaliano. Waliopiga hesabu walikadiria kwamba karibu nusu ya kushuka kule kulitokana na bwawa.

Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Maji yaliingia kwenye nyumba na mashamba ya pwani ya Kisumu, na wengi wakasema Uganda imefunga bwawa. Safari hii lawama haikuwa na msingi. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilikuwa nzito kupita kiasi. Aliyekuwa sahihi kuilaumu Jinja mwaka 2006 hakuwa sahihi mwaka 2020.

Dhana: Utafiti ukianguka, sera iliyojengwa juu yake nayo huanguka

La. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa vinasaba, muda mfupi baada ya utafiti wa Ufaransa kudai kwamba panya waliolishwa mahindi ya aina hiyo walipata uvimbe. Mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha liliuondoa. Marufuku ikabaki hadi Oktoba 2022, ilipoondolewa na baraza la mawaziri wakati wa ukame, kisha kesi zikaanza mahakamani. Hoja za umiliki wa mbegu na soko la mkulima mdogo ni za kweli, nami nataka zijadiliwe kwa majina yake, bila kujificha nyuma ya wale panya.

Dhana: Ni tiba na kilimo tu, taaluma nyingine ziko salama

Wanaisimu hawako salama. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha ya Kiluhya ilijaribu kutunga maandishi ya pamoja kwa lahaja za magharibi, wakati huo huo wanasiasa wa Kavirondo Kaskazini, jina la kikoloni la eneo hilo, wakitafuta umoja wa watu wao mbele ya mkoloni. Wamaragoli, mojawapo ya jamii za Waluhya, hawakukubali kuyaacha maandishi yao. Mpaka wa lahaja na lugha haukuamuliwa na sauti na sarufi peke yake.

Dhana: Fedha za utafiti hazina upande

Huko Njoro, kazi ya kuzalisha mbegu za ngano ilianzishwa enzi za ukoloni kwa sababu walowezi walilima ngano. Leo kituo hicho hupima ngano za mataifa mengi dhidi ya kutu ya shina aina ya Ug99, ugonjwa wa ukungu unaoharibu ngano, kazi ya heshima kabisa. Wimbi, nafaka ya bibi zetu wa magharibi, haikuwahi kupata msukumo kama huo. Jaribio la tohara la Kisumu nalo lililipiwa na Marekani na Kanada.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iingie kwenye hazina ya utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Wagombea ubunge watakapokuja kuomba kura mwaka 2027, waulizwe ni kiasi gani walipigania bungeni, na kwa ajili ya swali lipi la watu wa huku.