Je, Wajua? Kwa Nini Viza ya Utalii Haitoshi Hata Kama Anayekulipa Yuko Nchi Nyingine

Kila anapotokea mtu Nyali au Tudor akasema anataka kuhamia Lisbon au Cape Town na laptopu yake, ushauri anaopewa na wenzake ni uleule: ingia kama mtalii, fanya kazi zako kimyakimya, kwani wewe huchukui kazi ya mtu. Mteja yuko Toronto, malipo yanaingia kwenye akaunti ya benki hapa Mombasa, na kule utakakoishi hakuna atakayekulipa hata senti. Basi utakuwa umevunja sheria gani?

Hoja hii ina mantiki, na ndiyo maana imeenea. Lakini katika nchi nyingi haisimami. Sheria za uhamiaji na za kodi hazianzi kwa kuuliza pesa zatoka wapi. Huanza kwa kuuliza ulikuwa wapi wewe mwenyewe wakati kazi inafanyika.

Swali hili halina miaka mingi kwetu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Sheria nyingi za uhamiaji duniani ziliandikwa wakati ambapo mtu na kazi yake walikuwa mahali pamoja, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kueleza itakuwaje vikitengana.

Ili kuona sheria inavyofikiri, mchukue fundi wa kushona kanzu wa Mtaa wa Biashara. Siku moja anaifunga cherehani yake, anapanda basi, anavuka mpaka Lungalunga na kwenda kupanga chumba Tanga. Wateja wake ni walewale wa Mombasa. Wanamtumia vipimo kwa simu, anashona, anazifunga kanzu na kuzipakia kwenye basi la kurudi, na wao wanamlipa kwenye laini yake ya Kenya. Hakuna mtu wa Tanga aliyetoa shilingi. Sasa, kanzu imeshonwa wapi? Imeshonwa Tanga. Mguu uliokanyaga cherehani ulikuwa Tanga, umeme na maji ni ya Tanga, na akijichoma sindano vibaya hospitali itakayompokea ni ya Tanga. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini kuingia bila viza ni jambo moja na kufanya kazi humo ni jambo jingine, na kwa hilo la pili anahitaji kibali.

Tuendelee naye kidogo. Jirani wa Tanga akiona kanzu nzuri na kutaka yake, atapiga hodi. Fundi atashona. Tangu hapo ni vigumu kwa afisa kujua ipi ni ya Mombasa na ipi ni ya pale mtaani. Ndiyo sababu sheria za zamani zikachagua kutotofautisha: ukishona hapa, unafanya kazi hapa. Mwandishi wa programu, mfasiri, mhariri wa video, msaidizi wa ofisi anayefanya kazi mtandaoni, wote ni fundi huyu. Kilichobadilika ni kwamba kanzu zao hupita kwenye waya, hakuna furushi linaloonekana mpakani.

Hapo ndipo kosa la pili linapozaliwa, nalo ni la watu waliosoma kidogo. Wanasema: siku 183. Ukikaa chini ya siku 183 katika nchi, huna tatizo. Nambari hiyo ni ya kweli, ila si ya uhamiaji. Imo katika mkataba wa mfano wa kodi wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, kifungu cha 15, ambao nchi nyingi huufuata zinapoandikiana mikataba ya kuepusha mtu kutozwa kodi mara mbili. Kifungu hicho kinaanza na kanuni ileile ya cherehani: mshahara unaweza kutozwa kodi pale kazi inapofanyiwa. Kisha kinatoa nafuu. Nchi uliyomo huiachia haki hiyo nchi yako ikiwa hukuzidisha siku 183 ndani ya miezi 12, mwajiri wako si mkaazi wa nchi hiyo, na mshahara wako haubebwi na tawi lake lililoko humo. Masharti yote matatu yatimie pamoja. Kifungu hicho ni cha walioajiriwa; anayejitafutia wateja mwenyewe ana kanuni zake.

Kwa hiyo siku 183 ni hesabu ya nani atakukata kodi. Haisemi kama ulikuwa na ruhusa ya kufanya kazi hata siku ya kwanza. Mtu anaweza kuwa hadaiwi kodi yoyote na bado awe amekiuka masharti ya viza yake. Na kinyume chake hutokea: mtu ana kibali safi kabisa, akapitisha siku, akajikuta mkaazi kwa hesabu ya kodi na hakujua. Idara ya uhamiaji na mamlaka ya kodi ni milango miwili yenye funguo tofauti, na kuchanganya funguo hizo ndiko kunakowaponza wengi.

Nchi chache zimeamua kulimaliza jambo hili kwa maandishi. Uingereza ilibadilisha kanuni zake za wageni tarehe 31 Januari 2024: mgeni anaruhusiwa kufanya kazi ya mbali kwa mwajiri wake wa nje, mradi kazi hiyo isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Kanada inakubali mtu afanye kazi kwa mwajiri wa nje akiwa na hadhi ya mgeni tu, hadi miezi 6. New Zealand ilifungua mlango huo mwezi Januari 2025. Kumbuka kwamba katika nchi zote hizo tatu Mkenya bado anaomba viza, na afisa wa ubalozi bado ana haki ya kuuliza utarudi lini na kwa nini.

Nyingine zilitengeneza kibali kipya kabisa, na hapa ndipo jambo linapopendeza. Barbados ilizindua Welcome Stamp mwezi Julai 2020, miezi ya korona, watalii hawapo na hoteli tupu. Ukionyesha mapato ya dola 50,000 kwa mwaka na kulipa ada ya dola 2,000, unapewa miezi 12, na sheria waliyoitunga mwaka huohuo ikaeleza kwamba mwenye kibali hicho hatozwi kodi ya mapato pale kisiwani. Estonia ilianza mwezi Agosti 2020. Croatia ikafuata Januari 2021, nayo ikasamehe kodi kwa mapato ya nje. Morisi ina Premium Visa, bila ada, kwa anayeonyesha dola 1,500 kwa mwezi, yaani karibu shilingi laki mbili za Kenya. Namibia, tangu 2022, inatoa miezi 6 kwa anayepata dola 2,000 kwa mwezi. Kenya nayo ilitangaza kibali cha Kundi N mwaka 2024, kwa hiyo mgeni anayefanya kazi kwa kompyuta yake Diani sasa ana mlango wake.

Yatazame masharti hayo kwa pamoja na utaona ni mapatano ya namna moja. Nchi inasema: nakubali ushonee hapa, kwa sharti usimshonee jirani. Kima cha mapato ni uthibitisho kwamba hutaishiwa ukaanza kugonga milango ya hapa kutafuta kazi. Bima ya afya ni uthibitisho kwamba hospitali haitabeba gharama yako. Na muda mfupi, mwaka mmoja au miezi 6, huweka mlango wa ukaazi wa kudumu umefungwa. Mapato kutoka nje, yale watu wanayodhani yanawaondolea haja ya kibali, ndiyo yaliyogeuka kuwa sifa ya kupewa kibali.

Sasa linganisha na Ujerumani. Ujerumani haina kibali cha wahamaji wa kidijitali, yaani hawa wanaohama na laptopu zao. Ina kifungu cha 21 cha sheria yake ya ukaazi, kwa wanaojiajiri, na fungu lake la 5 linawahusu wenye taaluma huru: wafasiri, waandishi wa habari, wasanii, walimu, wahandisi. Mwombaji huulizwa wateja wako walioko Ujerumani ni nani, na barua zao za kuonyesha nia ya kukupa kazi ni sehemu muhimu ya faili. Aliyepita umri wa miaka 45 huulizwa pia akiba yake ya uzeeni. Kwa mfasiri wa Kiswahili kutoka Mombasa, hii ina maana kwamba faili iliyojaa mikataba ya kampuni za Marekani, ambayo ingemfaa sana Croatia, haimsaidii sana akiomba Berlin. Na barua mbili za mashirika ya nchi yenyewe, ambazo Croatia zingemharibia, Berlin ndizo zinazomjenga. Laptopu ni ileile na kazi ni ileile. Anayepeleka karatasi za mlango mmoja kwenye mlango mwingine hujikwaa kabla hajasomwa.

Uhispania imesimama katikati. Sheria yake ya 28/2022 inamruhusu mwenye kibali anayejiajiri kuchukua kazi za kampuni za Uhispania ilimradi zisizidi asilimia 20 ya kazi zake zote. Kima chake cha mapato ni mara mbili ya mshahara wa chini wa nchi hiyo. Faili lazima ionyeshe kwamba uhusiano wako na mteja una angalau miezi 3 na kwamba kampuni yenyewe imefanya biashara kwa angalau mwaka mmoja. Frilansa anayepata kazi ndogondogo hamsini kwenye Upwork, tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, kila moja na mteja wake, hukwama hapa hata kama jumla ya mapato yake inatosha kabisa. Mteja mmoja wa kudumu mwenye barua rasmi humfaa kuliko hao hamsini.

Ureno, kwa viza yake ya D8 ya tangu Oktoba 2022, hudai mara nne ya mshahara wa chini. Kwa mwaka 2025 hiyo ilikuwa yuro 3,480 kwa mwezi, na kwa kubadilisha kama shilingi 150 kwa yuro ni zaidi ya nusu milioni; kinachotazamwa ni wastani wa mapato ya miezi 3 iliyopita. Kwa kuwa kima kimefungwa kwenye mshahara wa chini, hupanda kila serikali yao inapowaongezea wafanyakazi. Anayejipanga kwa takwimu za mwaka jana hujikuta chini ya mstari. Afrika Kusini nayo, Oktoba 2024, iliweka randi 650,796 kwa mwaka, baada ya kuanza na pendekezo la milioni moja. Mkenya huingia huko bila viza kwa siku 90 katika mwaka tangu Januari 2023, lakini siku hizo 90 ni za kutembea. Za kufanya kazi ya mbali zina kibali chake, na anayepewa zaidi ya miezi 6 hujisajili na mamlaka ya kodi ya huko.

Pasipoti nayo ina neno lake. Japani hutoa kibali cha miezi 6 tangu mwaka 2024, kwa mwenye mapato ya yeni milioni 10 kwa mwaka, lakini nchi yako iwe ina mkataba wa kodi na Japani na raia wake waingie bila viza ya muda mfupi. Mkenya hayumo, apate pesa ngapi. Cabo Verde, nchi ya Afrika, ilifungua mpango wake kwa watu wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazosema Kireno na nchi za ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi. Sisi wa Afrika Mashariki tumeachwa nje, na kwangu hilo linauma kuliko la Japani.

Na kabla hujalipa ada yoyote, usiichukulie e-Residency ya Estonia kama viza. Kadi hiyo, iliyoanza mwaka 2014, hukupa uwezo wa kufungua na kuendesha kampuni ya Estonia ukiwa hapahapa Mombasa. Haikuingizi Estonia wala Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata kwa siku moja. Viza yao ya wafanyakazi wa mbali ni kitu kingine.

Uliobaki ni upande wa nyumbani, ambao wengi huusahau kabisa wakishapanda ndege uwanja wa Moi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, humhesabu mtu kuwa mkaazi kwa njia kadhaa. Kama huna makao ya kudumu hapa, huhesabiwa siku: 183 katika mwaka, au wastani unaozidi siku 122 ukijumlisha mwaka huo na miwili iliyotangulia. Lakini ukiwa na makao ya kudumu Kenya, inatosha kuwa ulikuwepo nchini kwa muda wowote ule katika mwaka. Anayeiacha nyumba yake Kisauni na vyombo vyake ndani, akaishi Lisbon miezi kumi na moja na kurudi kusherehekea Idi kwa wiki moja, bado ni mkaazi wa Kenya kwa mwaka huo. Kenya ina mikataba ya kodi na Uingereza, Ujerumani, Kanada, Afrika Kusini na Falme za Kiarabu, miongoni mwa nyingine, na mkataba wa namna hiyo huamua nchi ipi itangulie na ipi itambue kodi iliyokwisha kulipwa. Nafuu hiyo huombwa kwa karatasi, kwa hiyo risiti za kodi za ugenini zihifadhiwe hadi fomu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, iwe imejazwa, kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.