Kumbukumbu za kesi za jinai Arusha na Moshi: uombe nini, na kwa nani

Waajiri wanaotafuta madereva wa watalii huuliza, na watu wanaoomba viza huuliza: nitapata wapi rekodi ya jinai ya mtu? Hakuna daftari moja. Polisi wana kumbukumbu zao, mahakama ina zake, magereza yana zake, na hakuna dirisha Arusha wala Moshi ambapo utataja jina ukaletewa zote kwa pamoja. Kwa hiyo kabla hujapanda daladala, jiulize jambo liliishia wapi. Je, liliripotiwa polisi tu? Lilifika mahakamani? Lilitolewa hukumu? Jibu la hapo ndilo linaloamua uende ofisi gani.

Kama unataka kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe huna rekodi, unachohitaji ni hati ya tabia njema ya Jeshi la Polisi, na karatasi za mahakama haziwezi kushika nafasi yake. Msingi wa hati hiyo ni alama za vidole vyako vyote kumi, ndiyo maana mwajiri hawezi kuiomba kwa kutaja jina lako. Akuagize wewe uilete. Ombi huharibika sehemu mbili. Ya kwanza ni vidole vyenyewe. Fundi ujenzi aliyeshika saruji wiki nzima, au mtu mwenye jasho viganjani, hutoa alama zisizosomeka. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, na kama ngozi imechubuka ipumzishe siku kadhaa kwanza. Kila kidole kizungushwe kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine, kwa wino mwembamba, kwa sababu wino ukizidi hujaza mifereji ya alama ikabaki doa jeusi. Sehemu ya pili ni majina na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama pasipoti inasema vingine, rekebisha kabla ya kuomba. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali. Anayetaka umpe fedha mkononi ili "aharakishe", usimpe.

Sasa mahakamani, ambako ndiko watu wengi hukwama.

Wengi hufika masjala, yaani ofisi ya majalada ya mahakama, na namba ya RB waliyopewa polisi. Namba hiyo inaonyesha tu kwamba taarifa ilipokelewa kituoni. Karani wa mahakama hatafuti kwa RB. Anatafuta kwa namba ya shauri, kwa mfano Shauri la Jinai Na. 112 la mwaka 2016. Rejista za zamani zimepangwa kwa mwaka na namba, siyo kwa alfabeti ya majina, hivyo kumtaka karani "atafute jina" ni kumtaka apekue ukurasa kwa ukurasa. Kama huna namba ya shauri, mpelekee mwezi na mwaka kesi ilipofunguliwa, kosa lililoshtakiwa, na jina la hakimu ukilipata. Hati ya mashtaka au karatasi ya dhamana ya zamani ikiwa ipo nyumbani, namba ya shauri huwa juu yake. Ulizeni ndugu waliomdhamini mtuhumiwa. Mara nyingi wao ndio waliohifadhi karatasi.

Kisha angalia ni mahakama gani. Jambo lililotokea Tengeru au Usa River ni la Arumeru, hata kama nyote mnasema mnaishi Arusha. Lililotokea Boma Ng'ombe ni la Hai, siyo Moshi. Kesi ndogo huanzia Mahakama ya Mwanzo, kama Maromboso kwa Arusha mjini au Himo kwa upande wa Moshi Vijijini. Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Arusha kimeweka ngazi kadhaa za mahakama chini ya paa moja, na hilo limepunguza mizunguko sana, lakini kila ngazi bado ina majalada yake. Mashauri ya miaka ya nyuma ya Mahakama Kuu kutoka Manyara yatafute Kanda ya Arusha.

Andika barua, ombi la mdomo halina ushahidi. Ielekeze kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu msimamizi, wa mahakama husika, au kwa Naibu Msajili kama ni Mahakama Kuu. Chini ya YAH weka namba ya shauri na majina ya wahusika. Taja hasa unachotaka: hukumu, mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani), hati ya mashtaka au amri fulani. "Naomba nakala za kesi" ni ombi lisilo na mpaka, na litakurudishia swali badala ya nakala. Eleza wewe ni nani katika shauri hilo na unataka nakala kwa sababu gani, kisha omba nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Chapisha barua mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo.

Mhuri huo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na muda uliohitajika kupata nakala ya hukumu na mwenendo hauhesabiwi. Bila barua yenye tarehe, utathibitishaje kwamba ulisubiri? Aliye gerezani, iwe Karanga au Kisongo, hupitisha rufaa yake kwa Mkuu wa Gereza, hivyo ndugu waanzie kwake.

Ukiambiwa "jalada limepanda", maana yake rufaa ilikatwa na jalada la asili likaitwa Mahakama Kuu. Halijapotea. Uliza namba ya rufaa na ulifuate huko.

Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama mwaka 2021, kwa hiyo hukumu nyingi za kabla ya hapo zimeandikwa kwa Kiingereza. Jaribu jina kwa tahajia tofauti. Usipoona kitu, usihitimishe kwamba mtu ni safi, kwa sababu kesi nyingi huishia ngazi za chini ambazo hukumu zake kwa kawaida hazipo humo. Arusha pia inatunza kumbukumbu za jinai za aina nyingine kabisa: nyaraka za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyofungwa mwisho wa 2015, ziko Lakilaki, na zile za wazi husomwa mtandaoni na yeyote duniani. Natamani sana jalada la Maromboso lingefikiwa kwa wepesi huo.

Kesi za watoto chini ya miaka 18 usizitafute kama huhusiki; husikilizwa faraghani kisheria. Na mwajiri aliyeletewa rekodi ya mtu asiirushe kwenye kundi la WhatsApp: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu.

Nakala ikifika mkononi, soma mwisho wake kwa makini. Kuachiwa huru baada ya mahakama kuona hana hatia ni jambo moja. Mashtaka kuondolewa na upande wa mashtaka kabla ya utetezi ni jambo lingine, na mtu huyo aweza kushtakiwa upya kwa kosa lile lile. Karatasi zote mbili zinasema "ameachiwa". Kifungu cha sheria kilichotajwa kwenye amri ndicho kinachozitofautisha; kama hakimo katika nakala uliyopewa, rudi masjala uombe nakala ya amri yenyewe.