Je, wajua kwa nini ukilenga kushoto mpira wa gofu ndio huzidi kukimbilia kulia?

Simama karibu na shimo la kwanza la uwanja wowote wa gofu, uwe Nakuru, Kisumu, Kakamega au Kitale, Jumamosi asubuhi. Mpira unapigwa, unapaa vizuri, kisha katikati ya safari unaanza kupinda kulia. Unapinda na kupinda mpaka unapotelea chini ya miti. Wachezaji huuita slaisi. Aliyeupiga anaweka mpira mwingine na safari hii anageuza mabega kushoto kidogo, ili ukipinda urudi katikati. Haurudi. Unapinda zaidi ya ule wa kwanza.

Kosa hili ndilo linalowasumbua zaidi wanaojifunza gofu, na dawa ambayo wengi hujipa wenyewe ndiyo inayoulisha ugonjwa. Tuone ni kwa nini, kisha tuone mazoezi ya kuuondoa. Maelezo yote ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Uso na njia

Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndani ya muda huo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kurekebisha chochote. Mpira unachukua habari mbili na kuondoka nazo: uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi, na kichwa cha fimbo kilikuwa kinasafiri kuelekea wapi.

Kwa miaka mingi walimu walifundisha kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, halafu hupindia kule uso unakotazama. Rada za kupima mipigo, kama zile za TrackMan, kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 2003, zilionyesha kwamba mwanzo wa safari huamuliwa zaidi na uso: takriban asilimia 85 kwa draiva, fimbo ndefu ya mipigo ya mbali, na karibu asilimia 75 kwa ayani, fimbo za kichwa chembamba cha chuma zinazopewa namba. Kupinda nako hutokana na tofauti kati ya uso na njia. Uso ukiwa wazi, yaani umeelekea kulia kwa njia ya fimbo, mpira hupinda kulia hata kama kila kitu kingine kinaelekea kushoto.

Chukua mfano wenye tarakimu. Bendera iwe sifuri. Njia ya fimbo inaelekea digrii 6 kushoto, uso unatazama digrii 2 kushoto. Mpira utaanza kushoto kidogo, kisha utapinda kulia, kwa sababu uso uko wazi kwa digrii 4 ukilinganisha na njia. Sasa mchezaji anageuza mabega kushoto. Njia inakuwa digrii 10 kushoto, kwa kuwa mikono hufuata mabega. Lakini macho bado yanaijua bendera ilipo, na viganja vinaurudisha uso kule kule, digrii 2. Tofauti imetoka 4 ikawa 8. Amelenga kushoto, na mpira umepata sababu maradufu ya kwenda kulia.

Kinachoupindisha hewani ni mzunguko. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Magnus alieleza mwaka 1852 jinsi kitu kinachozunguka kinavyosukumwa pembeni na hewa. Miaka ya 1890 Peter Guthrie Tait wa Edinburgh alifunga utepe kwenye mpira wa gofu ili ahesabu mizunguko yake. Mpira wowote uliopigwa sawasawa huzunguka kurudi nyuma, na mzunguko huo ndio unaoubeba juu. Uso ukiwa wazi, mhimili wa mzunguko unainama, kama ndege inayoinamisha bawa la kulia ili igeuke. Ni jambo lile lile unaloliona mchezaji kandanda anapokata mpira wa adhabu uuzunguke ukuta wa mabeki.

Hapo pia pana jibu la swali ambalo huwachanganya wengi: kwa nini ayani ya 9 inakwenda sawa na draiva inapotea? Uso wa ayani ya 9 umelala takriban digrii 40, kwa hiyo mzunguko wa kurudi nyuma ni mwingi mno na ule wa kuinama hauonekani sana. Draiva imelala digrii 9 hadi 12 tu. Mara nyingi mwenye slaisi ya draiva huona ayani zake fupi zikienda kushoto moja kwa moja, akadhani ana makosa mawili. Ana moja: fimbo yake inatokea nje, upande wa mpira ulio mbali na mwili, ikiingia ndani, upande wa mwili.

Na kwa wanaosafiri kucheza: Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban mita 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi zaidi, hivyo mpira huenda mbali zaidi lakini hupinda pungufu. Mchezaji wa Nakuru aliyezoea slaisi ndogo akishuka Kisumu ataiona imekua, hasa mchana upepo wa ziwani unapomjia usoni. Swingi yake, yaani namna anavyoizungusha fimbo, haijaharibika njiani.

Kwa nini mwili unapenda kosa hili

Mkono uliolima kwa jembe umejifunza kutoa nguvu juu, mabegani, na kuiteremsha mbele ya mwili. Aliyefyeka nyasi kwa slasha amezoea kupeleka chuma mbali na miguu yake kisha kukivuta kuelekea kushoto. Kwa kazi zile ni sawa kabisa. Kwenye gofu, bega la kulia likianza kuruka mbele kabla ya nyonga, fimbo hutupwa nje ya mstari wa mpira na kurudi ndani. Ongeza mshiko dhaifu, yaani mikono iliyogeukia kushoto mno juu ya fimbo, na uso hauwezi kujifunga kwa wakati.

Kabla ya zoezi lolote, jua unapiga wapi. Chukua kalamu ya wino wa ubao mweupe, chora nukta ya ukubwa wa punje ya maharagwe nyuma ya mpira, uielekeze usoni mwa fimbo, upige. Nukta itaacha alama usoni. Rudia mara 10, ukipangusa kila mara kwa kitambaa kikavu. Alama zikirundikana kisiginoni, karibu na mti wa fimbo, una tatizo jingine juu ya lile la kwanza: kwa draiva, mpigo wa kisigino wenyewe huzungusha mpira kuelekea slaisi hata uso ukiwa sawa. Mara nyingi uzito umeangukia vidoleni mwa miguu. Rudisha uzito katikati ya nyayo, kisha pima tena.

Uso kwanza

Wengi huanza na njia, kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video ya simu. Tunashauri kinyume chake. Ukirekebisha njia uso ukiwa bado wazi, mpira utaanza kulia na kubaki kulia, na utarudia swingi yako ya zamani kabla juma halijaisha. Ukirekebisha uso kwanza, mpira utaanza kwenda kushoto moja kwa moja bila kupinda. Usishtuke, hiyo ni habari njema. Mwili ukiona mpira unakwenda kushoto mara kwa mara huanza wenyewe kutafuta njia ya kutokea ndani, na zoezi la njia linaupata ukiwa tayari.

Uso huanzia kwenye mshiko. Weka fimbo kwenye vidole vya mkono wa kushoto, si katikati ya kiganja: ipite kutoka shina la kidole cha mwisho hadi pingili ya kati ya kidole cha shahada. Funga mkono, kisha utazame chini. Uone vifundo vya vidole viwili, au vitatu kama slaisi ni kubwa. Ukiona kimoja tu, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mkono wa kulia ukishashika, herufi V inayotengenezwa na kidole gumba na cha shahada ielekee bega la kulia, isielekee kidevu. Nguvu ya kushika iwe ile ya kumshika mtoto mkono mkivuka barabara: hachomoki, wala haumii. Mshiko huu utaonekana mgeni kwa siku kadhaa, na watu wengi huurudisha wa zamani bila kujua kati ya mpira mmoja na mwingine. Hesabu vifundo kila mpira.

Joto la Kisumu lina ushauri wake. Raba ya mshiko ikijaa jasho huteleza, mchezaji anakaza, vifundo vya mikono vinakakamaa na uso unabaki wazi. Osha mishiko kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa brashi laini, ikaushe kivulini. Iliyong'aa na kuwa migumu ibadilishwe.

Zoezi la kwanza ni nusu ya swingi kwa ayani ya 7. Rudisha fimbo mpaka mkono wa kushoto ulale sambamba na ardhi, shuka polepole, piga, na usimame mkono wa kulia ukiwa sambamba na ardhi upande wa pili. Usimame hapo kabisa, utazame uso wa fimbo. Ncha ya fimbo, yaani mwisho wa kichwa ulio mbali na mti wake, inatakiwa kutazama juu, au kuinamia kushoto kidogo. Ukiona uso wote umelala ukitazama mawingu kama sinia, haukujifunga. Mkono wa kushoto unatakiwa uzunguke kama anayegeuza ufunguo kuelekea kushoto, mgongo wa kiganja ukianza kutazama chini mara tu mpira unapoondoka. Fanya mara 30 kwa siku uani bila mpira. Uwanjani piga mipira 20 hivyo, bila kujali imefika wapi. Kinachofaa kutazamwa ni mwanzo wa safari tu.

Kisha njia

Mipira ikianza kwenda kushoto bila kupinda, chukua boksi tupu la viatu. Liweke upande wa mbali wa mpira, likiwa sambamba na mstari wa kulenga, nafasi ya sentimita 5 hivi kati yake na ncha ya fimbo. Mwisho wa boksi ulio karibu na lengo uwe kama sentimita 30 nyuma ya mpira, yaani upande unakotokea fimbo. Fimbo inayotokea nje italigonga kabla ya kufika. Anza kwa nusu ya mwendo. Boksi halitakuumiza, lakini usitumie tofali wala ubao. Kifundo cha mkono hakisamehe. Watu wengi hugonga mara tano sita za kwanza, halafu ghafla mikono inajifunza kushuka karibu na nyonga ya kulia.

Anayegonga mpaka mwisho ajaribu zoezi la mguu. Simama kawaida, kisha uvute mguu wa kulia nyuma sentimita 25, mbali na mstari wa kulenga, na uinue kisigino chake. Mpira uwe juu ya tii fupi, kile kijiti cha kuuinulia. Ukisimama hivyo bega la kulia linakosa nafasi ya kuruka mbele. Piga 20 kwa ayani ya 7, tatu kwa mguu nyuma, moja kwa msimamo wa kawaida, na kuendelea hivyo. Ule wa nne ndio unaokwambia kama somo limeingia.

Kuna kosa moja la kuangalia hapa. Fimbo ikianza kutokea ndani kupita kiasi, mpira huanza kulia kisha hupinda kushoto kwa nguvu, ukiambaa chini. Kosa hilo wachezaji huliita huki (kwa Kiingereza hook). Ikitokea, ondoa zoezi la mguu na upunguze kifundo kimoja kwenye mshiko.

Mipira 50 yenye mpangilio inafundisha kuliko 200 ya haraka. Gawa hivi: 20 ya nusu ya swingi, 15 ya boksi, 15 ya kulenga vitu tofauti, ukibadilisha fimbo kila mpira kama unavyofanya kwenye mchezo. Mara tatu kwa juma. Draiva ibaki mfukoni juma la kwanza lote, na ikirudi uipige kwa asilimia 70 ya nguvu. Weka fimbo chini miguuni ikielekea lengo kila unapofanya mazoezi, kwa sababu mabega ya mwenye slaisi ya siku nyingi yamezoea kutazama kushoto na hayajui kwamba yanatazama kushoto. Ukiwa na kedi, yaani mbeba fimbo wako, msimamishe nyuma yako, akueleze mabega yanaelekea wapi. Macho yake yameshaona swingi nyingi.

Mashindano yakikukuta katikati ya matibabu, usirekebishe chochote siku hiyo. Acha draiva, chukua fimbo ya mbao ya 3 au ya 5 ambayo uso wake umelala zaidi, na uweke tii upande wa kulia wa eneo la kuanzia. Lenga nusu ya kushoto ya njia ya nyasi fupi kwa kugeuza mwili mzima, miguu, nyonga, mabega na uso wa fimbo kwa pamoja. Mabega yakigeuka peke yake, umerudi kwenye zile digrii 8.