Waliochoma seti hawakuwa wameiona filamu: dhana potofu kuhusu Water ya Deepa Mehta

Picha za Kihindi wengi wetu tumezizoea za namna moja: steringi, adui, nyimbo sita, machozi, kisha polisi wanafika kazi imeshakwisha. Ndiyo maana Water ya mwongozaji wa Kanada Deepa Mehta, iliyotoka mwaka 2005, humkuta mtazamaji wa kwetu hajajiandaa. Hakuna ngumi. Kuna Chuyia, mtoto wa miaka 8, aliyeozwa kabla hajajua ndoa ni kitu gani. Mume anafariki, mtoto ananyolewa nywele zote, anavishwa nguo nyeupe na kupelekwa Varanasi, mji mtakatifu wa Kihindu kando ya Mto Ganges, kwenye nyumba ya wajane. Mwaka ni 1938. Humo anamkuta Shakuntala, mjane mcha Mungu ambaye maswali yameanza kumsumbua. Anamkuta Kalyani, ambaye peke yake ameachiwa nywele ndefu kwa kuwa usiku anavushwa mto kwenda kuuzwa kwa matajiri. Na anamkuta Madhumati, bimkubwa mnene anayeitawala nyumba na kuila pesa hiyo.

Filamu hii ilizua zogo kubwa kabla haijazaliwa, na mpaka leo ukiitaja mbele ya wapenzi wa picha za Kihindi utasikia mambo ambayo hayakutokea.

"Serikali ya India iliipiga marufuku"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli.

Mwaka 2000 Mehta alikwenda Varanasi akiwa na kibali mkononi. Sheria ya India humtaka mwongozaji anayekuja na fedha za nje apeleke muswada wa filamu yake serikalini Delhi ukasomwe, naye aliupeleka, ukasomwa, ukapita. Seti ikajengwa kwenye ngazi za mawe zinazoshuka mpaka Mto Ganges, zile ambazo wenyewe huziita ghat. Mwishoni mwa Januari, kazi ndiyo kwanza inaanza, umati ukashuka pale mtoni, ukaivunja seti, ukaichoma, na mabaki ukayatupa majini. Miongoni mwa waliokuwa nyuma ya maandamano walikuwamo wafuasi wa makundi ya utaifa wa Kihindu kama VHP na Shiv Sena.

Serikali ya jimbo la Uttar Pradesh ikasimamisha kazi kwa hoja ya usalama. Mehta akarudi Delhi, muswada ukafanyiwa marekebisho machache, ukaidhinishwa tena, akarudi mtoni. Mara hii mtu mmoja akajitosa Ganges kupinga filamu, na jimbo likapata sababu ya kufunga kazi kwa mara ya pili. Hapo pana jambo la kuangalia kwa makini: chama kilichotawala jimbo, BJP, ndicho kilichoongoza pia serikali ya muungano kule Delhi. Mkono mmoja ulitoa kibali, mwingine ukashindwa, au haukutaka, kumlinda mwenye kibali. Marufuku hutolewa na mtu, kwa barua yenye saini, na unaweza kwenda nayo mahakamani. Hapa hakukuwa na barua ya namna hiyo. Palikuwa na neno "usalama" tu, na kwa maoni yangu neno hilo lilifanya kazi kuliko marufuku yoyote.

Majimbo ya West Bengal na Madhya Pradesh yalijitolea kumpokea, lakini kazi haikuendelea India. Ilifanyika Sri Lanka mwaka 2004, kimyakimya na kwa jina la bandia, ikaonyeshwa kwanza kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba 2005. Sasa sikiliza: Machi 2007 Water iliingia kwenye majumba ya sinema ya India ileile. Watu walikata tiketi, wakakaa, wakatazama, wakarudi nyumbani.

"Waliikataa kwa sababu ya yaliyomo ndani"

Ndani ya nini? Januari 2000 hapakuwa na filamu. Palikuwa na mbao, turubai na kamera. Aliyeshika kiberiti hakuwa ameona picha hata moja.

Kilichokuwapo ni uvumi. Baadhi ya maelezo yaliyozagaa wakati ule yalidai kwamba mjane wa tabaka la juu anampenda mwanaume wa tabaka la chini. Ukiitazama filamu yenyewe, Narayan, kijana anayempenda Kalyani, ni mtoto wa Brahmin tajiri, yaani wa tabaka la juu kabisa. Na kinachouma zaidi si mapenzi yale hata kidogo. Ni pale Kalyani anapovushwa mto kwenda kutambulishwa kwa wakwe, na ilipoonekana tu nyumba ile ni ya nani akaomba mtumbwi ugeuzwe. Baba mkwe alikuwa mteja wake.

Halafu kulikuwa na deni la zamani. Mehta alikuwa ameshatoa Fire mwaka 1996, habari ya wake wa ndugu wawili, waishio nyumba moja, wanaopendana. Bodi ya ukaguzi ilikuwa imeipitisha bila kukata kitu, ikaanza kuonyeshwa India Novemba 1998, na wiki chache baadaye majumba ya sinema ya Mumbai na Delhi yakavunjwa vioo. Ikarudishwa kwenye bodi, ikapita tena, ikarudi kwenye majumba ya sinema mwanzoni mwa 1999. Wake wale walichezwa na Shabana Azmi na Nandita Das, na ni haohao Mehta aliowachukua kwa ajili ya Water. Kwa waliovunja vioo mwaka 1998, majina matatu yale kwenye tangazo moja yalitosha.

(Kwa kuwa tumeitaja: Fire si ya Kihindi. Iliigizwa kwa Kiingereza. Ilipotiwa sauti za Kihindi, mke mdogo aliyeitwa Sita akabadilishwa jina kuwa Nita, maana Sita ni jina la mke wa Rama, mungu wa Kihindu, na wengi hawakuvumilia kulisikia humo.)

"Shabana Azmi ndiye aliyecheza Shakuntala"

Hapana. Ila anayekosea hapa namwelewa. Yeye na Nandita Das walinyoa vichwa kweli mwaka 2000, na picha zao wakiwa na vipara zikazunguka magazetini. Seti ikachomwa, kazi ikafungwa, wakarudi makwao na vipara vyao bila filamu. Ilipopigwa upya miaka minne baadaye, Shakuntala akawa Seema Biswas, Kalyani akawa Lisa Ray, na John Abraham akachukua nafasi ya Narayan iliyokuwa ya Akshay Kumar. Binafsi sioni kama tulipunjwa. Seema Biswas anaigiza kwa shingo na macho, maneno anayatoa kwa kijiko, na tuzo ya Kanada ya mwigizaji bora wa kike aliipata kwa haki.

"Ni ileile habari ya kuchomwa na maiti ya mume"

Sati, yaani desturi ya mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, ilipigwa marufuku na utawala wa Kiingereza mwaka 1829, zaidi ya miaka 100 kabla ya hadithi hii. Hata kuolewa tena kwa mjane wa Kihindu kuliruhusiwa kisheria mwaka 1856, baada ya kampeni ndefu ya msomi wa Bengal, Ishwar Chandra Vidyasagar. Na mwaka 1929 ikatungwa sheria ya kuzuia ndoa za utotoni, iliyoweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa msichana.

Kwa hiyo Chuyia, mwaka 1938, kila alichofanyiwa kilikuwa na sheria ya kukizuia au ya kumpa njia ya kutoka. Filamu inalijua hilo. Shakuntala anapata habari ya sheria ya wajane kutoka kwa padri wa Kihindu aliyekuwa akimsikiliza akisoma vitabu vitakatifu kwa miaka, na swali lake ni la mtu aliyeibiwa: mbona sisi hatukuambiwa?

Kwetu pwani kuna kosa jingine, la upole zaidi. Mtu akiona wanawake wamevaa nyeupe, hawajipambi, wamejitenga, husema, "Aa, wako eda." Nimelisikia sebuleni kwa shangazi yangu, na kwa dakika kumi za mwanzo lilituliza nyumba nzima. Lakini eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ikiisha mwanamke anaoga, anavaa, na akiposwa anaolewa. Mwanzoni mwa Water baba anamwamsha Chuyia na kumwambia kuwa sasa ni mjane. Mtoto anauliza: mpaka lini? Baba hana jibu. Kwa desturi iliyofuatwa, kwa kuegemea sheria za kale za Kihindu ziitwazo za Manu, mke alihesabiwa nusu ya mwili wa mumewe, hivyo mume akifa yeye hubaki nusu mfu. Mlango wa kutokea ni kifo.

Ndani ya nyumba ile kuna bibi kizee aliyeolewa akiwa mtoto. Ndoa yenyewe haikumbuki. Anachokumbuka ni ladu na vitamu vingine vilivyoandaliwa siku ile, na mjane haruhusiwi kula vitamu. Amekaa maisha mazima anaota ladu. Chuyia anapata kisenti, anaenda kununua ladu moja ya manjano, anamwekea bibi pale alipolala. Bibi anaifumbata, anaila. Kesho yake amekufa. Shangazi yangu alizima televisheni hapo, na tuliimalizia kesho yake.

"Bollywood haikuwahi kuthubutu kugusa wajane"

Kumbuka Sholay ya 1975. Jioni, Jaya Bhaduri aliyevaa nyeupe anazima taa za baraza moja baada ya nyingine, na chini Amitabh Bachchan amekaa anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Yule ni mjane kijana, na mkwewe anafikia hatua ya kukubali aolewe tena. Halafu Amitabh anakufa, na dirisha linafungwa. Tumeitazama mara ngapi bila kujua tunatazama swali la mjane? Mwaka 1982 Raj Kapoor akatoa Prem Rog, na humo kuolewa kwa mjane ndiyo hadithi yenyewe.

Tofauti ni kwamba kule mjane yuko ndani ya nyumba ya ukoo na mapenzi ndiyo yanayobisha hodi. Mehta alikwenda kwenye nyumba ya waliotupwa, akauliza nani analipa mchele.

"Wazungu waliisifu, Wahindi wakailaani"

Ni kweli Magharibi iliipokea vizuri. Baada ya seti kuchomwa, George Lucas, mwongozaji wa Marekani, alilipia ukurasa mzima wa gazeti la Variety kumuunga mkono Mehta. Wawili hao walikuwa na historia: Mehta alifika Varanasi kuongoza kipindi cha televisheni cha Lucas, na amesimulia kwamba ni wakati huo alipomwona ajuza mjane akitambaa ukingoni mwa mto akitafuta miwani yake. Hadithi ya Chuyia imetungwa, lakini ilianzia kwa ajuza yule.

Ila wapo Wahindi wengi walioisifu, na wapo walioipinga kwa hoja ambazo haziwezi kufungwa kapu moja na mashabiki wa kiberiti. Walisema filamu ni nzuri mno machoni: mto unameremeta, mvua inanyesha kwa mpangilio, mateso yamepigwa pasi. Walisema Kalyani ni mrembo wa bango la matangazo kuliko mwanamke aliyelala chini kwenye sakafu ya saruji kwa miaka. Na walilalamikia mwisho, pale Shakuntala anapokimbia na mtoto kituoni, Gandhi anapita na treni, na Chuyia anapakizwa kwa Narayan. Wanawake wamehangaika saa mbili, wokovu unakuja na wanaume wawili kwa reli.

Hoja ya urembo naikubali nusu. Ya mwisho siikubali. Treni inaondoka, Narayan na mtoto wanaondoka, na kamera inabaki na Shakuntala pale kituoni. Hakuna aliyemwokoa. Anageuka, na nyuma yake kuna nyumba ileile.

Kuhusu lawama kwamba Mehta alifukua mambo yaliyokufa: maandishi ya mwisho ya filamu yanataja wajane zaidi ya milioni 34 kwa sensa ya India ya 2001. Si kwamba wote waliishi hivyo, na filamu ingefanya vyema kulisema hilo kwa sauti zaidi. Lakini mji wa Vrindavan, ambako maelfu ya wajane huishi kwa kuimba nyimbo za dini ili wapate sarafu na mchele, ulikuwa bado una kesi ya wajane hao mbele ya Mahakama ya Juu ya India mwaka 2012. Mwaka uliofuata wajane wa huko walicheza Holi, sikukuu ya Kihindu ya rangi, wakarushiana rangi ambazo desturi iliwanyima. Katika Water pia wako wajane wanaojipaka rangi siku ya Holi, wamejifungia ndani ya ua wao.

"India iliipeleka Oscar"

Kanada ndiyo iliyoipeleka, maana Mehta ni raia wa huko. Mwaka ule India ilipeleka Rang De Basanti. Zamani nchi ililazimika kushindana kwa lugha yake yenyewe, na Kihindi hakingepita kwa Kanada. Kanuni ilikuwa imebadilishwa muda mfupi tu kabla. Water ikaingia tano bora mwaka 2007, tuzo ikaenda kwa filamu ya Kijerumani.

"Yule mtoto ni Mhindi wa Varanasi"

Sarala Kariyawasam ni wa Sri Lanka. Hakujua Kihindi wala Kiingereza. Mehta alimwongoza kwa ishara na mkalimani, na maneno yote aliyakariri kwa sikio, kama sisi tulivyokariri nyimbo nzimanzima kwenye vibanda umiza bila kujua tunamwimbia nani nini. Ile "mpaka lini?" aliisema hivyo.